Figo Haijui Ng'ombe

Kambi ya Mkonge, Korogwe
9 Machi 1986

Kwa dada yangu Dafroza,

Pokea salamu zangu, na umfikishie shemeji Alfonce na watoto. Mimi napumua. Mkono wa kulia umevimba kwa miiba ya mkonge, lakini bado unashika kisu, kwa hiyo siwezi kusema naumwa. Sukari hatujaiona tangu Krismasi, na sabuni tunaikata vipande vidogo kama pipi. Natumaini ninyi huko Musoma mna afadhali, angalau ziwa lipo na samaki wapo.

Barua yako ilinikuta shambani. Nyapara aliileta mwenyewe akaniambia, "Soma upesi, wewe mtu wa Mara, mkonge haukungojei." Nimeisoma nimekaa juu ya mzigo. Unasema figo zote mbili za mdogo wetu Marcelina zimeshindwa kazi, na ule uvimbe wa uso tuliodhani ni unene wa usichana ndio ulikuwa ugonjwa wenyewe. Unasema madaktari wa Nairobi wanaweza kuchukua figo moja ya ndugu yake aliye hai wakampandikiza, na yule aliyetoa akaishi na moja iliyobaki. Hapo nimerudia kusoma. Sikujua kama mtu ana ya akiba.

Mimi ni wa darasa la nne, kwa hiyo nisamehe nikiuliza ya kijinga. Je, ikitolewa inaota tena? Mtu akishatoa anaweza kubeba mzigo wa mkonge? Na mwanamume anabaki mwanamume? Kama jibu la hilo la mwisho ni baya, usiliandike, niache nilijue mwenyewe.

Dada, andika jina langu. Marcelina ndiye peke yake anayeniandikiaga bila kuomba kitu. Mama presha yake haifai kwa kisu, wewe una watoto, mimi nina nini? Nina kitanda cha kamba na shati la mtumba. Wakate.

Mdogo wako,
Renatus

*

Musoma
4 Aprili 1986

Mdogo wangu Renatus,

Shikamoo yako nimeipokea ingawa hukuiandika. Hapa tu wazima, isipokuwa huyo tunayemjua. Mama yuko Nyamuswa, analima hivyo hivyo na presha yake. Nimemwambia apunguze chumvi, ameniambia hata hiyo ya kupunguza haipo dukani.

Nakujibu. Figo haioti tena. Mzigo utabeba baada ya kupona, si mara moja. Na lile la mwisho, hakuna kitakachobadilika, acha wasiwasi.

Padri wetu amepata wafadhili wa kulipia kila kitu, na Marcelina ameshapelekwa Nairobi mara moja akapimwa. Zake bado zinafanya kazi kidogo, kwa hiyo kuna muda, lakini si mwingi. Wanataka ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, kwa sababu mwili wa mgonjwa hukataa figo ya mtu baki. Nimewaandikia kwamba anaye kaka, baba mmoja mama mmoja, mwenye nguvu.

Najua utauliza kwa nini si mimi. Alfonce amekataa. Anasema ukoo wao Butiama ulitoa ng'ombe kwa mwanamke mzima, hawakuoa nusu, na kama nataka kugawa mwili nirudishe ng'ombe kwanza. Unawajua watu wa kwao.

Daktari mmoja wa Nairobi alikuja kutuona hapa hospitalini kwetu. Alitukusanya wauguzi akatueleza, kisha akauliza, "Nani kati yenu angempa ndugu yake figo?" Wote tulinyoosha mikono. Akauliza tena, "Na nani ameiambia familia yake kwamba akifa viungo vyake vichukuliwe?" Mikono ikashuka kama imepigwa fimbo. Benedikta akasema, "Dokta, mimi nizikwe kama gari bovu lililonyofolewa vipuri?" Tukacheka wote, hata yeye.

Alipoondoka tukaenda kunywa chai. Euphrasia, ambaye ndiye mkubwa wetu wodini, akasema, "Nimeosha maiti tangu mkiwa shule. Mimi sitaki mtu anifungue, nikiwa hai wala nikiwa mfu." Nikamuuliza kwa nini basi alinyoosha mkono. Akasema, "Mbele ya mgeni unyooshe nini? Mguu?"

Njoo, Renatus. Mwezi wa sita wanakungoja.

Dada yako,
Dafroza

*

Kambi ya Mkonge, Korogwe
11 Mei 1986

Shikamoo dada,

Sasa nimeiandika, usinidai tena. Afya yangu ni ile ile, na mkono umepungua. Nawaombea nyote, hasa mgonjwa wetu.

Nimeomba ruhusa, nimenyimwa. Meneja anasema kampuni inafungua mashamba mapya na wafanyakazi hawatoshi. Nyapara akaniambia, "Ukiondoka, usirudi kuulizia kitanda." Basi kitanda nimempa Mihayo, rafiki yangu Msukuma tunayelala naye chumba kimoja. Amenishukuru kwa matusi. Anasema, "Ukirudi na figo moja nitakuita Nusu. Na pombe utainywea wapi wewe? Itakujaa magotini." Tumecheka sana, kisha alipogeukia ukutani nikamsikia anasali kwa lugha ya kwao.

Sikufichi, dada, naogopa. Huku nimeona watu wakikatwa vidole na mashine ya kusokota, na hakuna aliyewauliza kama wanatoa. Lakini mimi nimeulizwa, na hilo linanipa nguvu kidogo. Napitia Namanga. Mwambie Marcelina aanze kula vizuri, kaka yake anamletea mzigo.

Mdogo wako,
Renatus

*

Nairobi
20 Juni 1986

Dada Dafroza,

Shikamoo. Natumaini wewe ni mzima na nyumba yako nzima. Mimi ni mzima kupita kiasi. Wamenipima kila kitu, na kila kitu kizuri, ila hakifai.

Nianze mwanzo. Daktari aliniuliza, "Baba yenu wewe na Marcelina yu hai?" Nikasema amefariki. Akauliza aliitwa nani. Nikasema Wankyo. Akaandika. Akauliza alikufa kwa ugonjwa gani, nikamjibu, "Uzazi ulimkataa tangu ujana, lakini kilichomuua ni uzee tu, bibi wa watu." Kalamu ikasimama. "Bibi?"

Kulikuwa na muuguzi pale, Mkuria wa upande huu wa mpaka. Akaangua kicheko hadi akashika meza. "Daktari, hawa ni wa nyumba ntobhu!" Akamweleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza: kwamba kwetu mwanamke mwenye ng'ombe asiye na mtoto wa kiume anaweza kuoa msichana, msichana akamzalia watoto kwa mwanamume yeyote anayekubalika, na watoto wote wanaitwa wa yule bibi mwenye ng'ombe. Daktari alisikiliza kama anasimuliwa habari za mwezini. Kisha akanigeukia taratibu, "Sasa bwana Renatus, nani alikuzaa? Na Marcelina alizaliwa na nani?"

Dada, mimi na wewe tumeapa uongo bila kujua ni uongo. Kwetu kusema sisi si baba mmoja ni kumtukana Wankyo kaburini. Ng'ombe zake ndizo zilizomleta mama, jina lake ndilo tunalolibeba, mimi nimepigana ngumi na watoto wa Nyamuswa kwa ajili hiyo. Lakini figo haijui ng'ombe. Mimi baba yangu alikuwa yule mpitaji aliyekuja kununua pamba, hata uso wake mama hakumbuki vizuri. Wewe na Marcelina ni wa Ngolo fundi mawe, kila mtu anajua, una vidole vyake na yeye ana vidole vyake.

Hata bila hilo nisingefaa. Damu yangu ni kundi B, ya Marcelina ni O, na mwenye O hapokei ila kwa mwenye O mwenzake. Daktari alinishika bega akasema nimefanya vizuri kuja. Nilitaka kumwambia nimeacha kazi ya miaka kumi na moja, lakini nikaona haimhusu.

Wakasema wafadhili wanaweza kungoja hadi mwisho wa Agosti. Muuguzi yule akaniuliza, "Na huyo dada yenu ambaye ni nesi mwenzetu, yeye yuko wapi?" Nikasema mume wake amekataa. Akasema, "Mume," halafu akakunja mdomo.

Nashuka kupitia Sirari kwenda kwa mama. Zungumza na Alfonce. Mpigie magoti ikibidi.

Mdogo wako,
Renatus

*

Musoma
15 Julai 1986

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa mama. Sisi tunaendelea. Nimesikia umefika Nyamuswa na umeanza kuezeka jiko la mama. Ahsante.

Nimelazimika kumlaza Marcelina wodini kwangu. Anatapika asubuhi, ngozi inamwasha, anajikuna mpaka damu. Ananiita dada mbele ya wenzangu, na wao wananiangalia. Benedikta amekuwa akimletea uji kutoka nyumbani kwake. Euphrasia aliniita pembeni akaniambia, "Usikae naye sana. Ukikaa naye sana atakuuliza." Hajaniuliza.

Alfonce bado hajabadilika. Ameenda kwao Butiama kwa mambo ya shamba. Nitajaribu tena akirudi. Usije Musoma kwa sasa, nauli imepanda na hutasaidia kitu, msaidie mama.

Dada yako,
Dafroza

*

Butiama
10 Agosti 1986

Dada Dafroza,

Shikamoo. Sijui afya yako. Nilikuja kuiona mwenyewe juzi, wakaniambia wodini uko zamu. Nikakaa kwenye benchi na Marcelina. Amekonda mwili na kuvimba uso, kama kichwa cha mtu mwingine. Hata hivyo alinitania. "Kaka, wamekurudisha na zako zote? Hata hawakuchukua moja ya ukumbusho?" Tukangoja utoke. Muuguzi mmoja mnene, nadhani ndiye Euphrasia, akapita akasema bila kunitazama, "Baba, dada yako ameshatokea mlango wa nyuma."

Basi nikaja huku Butiama. Sikukuambia, najua. Nilileta beberu wa mama, kwa sababu huwezi kwenda kwa wakwe kuomba mwili wa mtu ukiwa mikono mitupu. Nikakaa mbele ya mzee Wanzagi, kaka yake mkubwa Alfonce, nikasema yote. Nikasema kama ni ng'ombe, mimi nitachunga hapa mpaka nizeeke, lakini wamwachie Dafroza aende Nairobi.

Mzee Wanzagi akashangaa. Akamwita Alfonce. Alfonce akaja na matope miguuni, akanisikiliza, kisha akaniuliza taratibu, "Shemeji, ni nani amekuambia mimi nimekataa?"

Nikasema ni wewe.

Akasema, "Nilikataa mwanzo, kweli. Nilisema maneno ya ng'ombe, nilikuwa na hasira. Lakini mwezi wa tano nilimwambia nenda, watoto nitawaangalia. Nikamwomba mzee Wanzagi ambariki. Alibarikiwa hapa hapa, ameketi hapo ulipokaa wewe."

Mzee Wanzagi akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Wakanirudishia beberu. Hakuna aibu niliyowahi kuipata kama kumvuta yule mnyama kutoka katika boma la watu wasionidai kitu.

Dada, sikuja kukupiga. Niambie wewe mwenyewe kuna nini. Alfonce atakuletea barua hii kwa mkono, kwa hiyo usiseme haikufika. Agosti haijaisha.

Mdogo wako,
Renatus

*

Musoma
19 Agosti 1986

Renatus,

Nakusalimu, na ninajua hutaki salamu.

Ni mimi. Alfonce hana kosa, ukoo wake hauna kosa. Wala usimseme mtu mwingine.

Ungekuwa ujinga ningejua la kufanya nao, maana kazi yangu ni kuwatoa watu ujinga. Kila siku nawaambia ndugu za wagonjwa watoe damu. Wakikimbilia getini nawacheka. Nawaambia, "Mnaogopa sindano, hamuogopi kaburi?" Lakini mimi najua yaliyo nyuma ya mlango. Hapa tunachemsha glovu na kuzivaa tena. Umeme ukikatika daktari anasimama na mikono juu, na aliyelala mezani amefunguliwa, nami namshikia tochi. Nimebeba ndoo za vitu vilivyotolewa kwa watu nikavipeleka shimoni, na nilipokuwa navibeba sikuwa nawaza ni vya nani. Mtu akishalala pale anakuwa kazi. Mimi nimewafanya watu kazi. Siwezi kulala pale.

Utasema Nairobi si Musoma. Najua. Nimejiambia hivyo. Mwezi wa tano nilikata tiketi, nikapanda basi, nikashuka Tarime nikarudi. Mwezi wa saba sikufika hata stendi. Miguu yangu, Renatus, siiwezi. Nikifumba macho najiona nimefunikwa shuka la kijani, na ninayemwona ameshika ndoo ni mimi mwenyewe.

Nilidhani utafaa wewe na mambo yatakwisha kabla mtu hajanijua. Ndiyo maana niliandika baba mmoja mama mmoja. Kwa mila ni kweli, na mimi nilijificha ndani ya mila. Nesi mzima.

Euphrasia anasema wengi wetu tuko hivi, ila wengine hawajapata mtihani. Sijui kama alikuwa ananifariji.

Sikuombi msamaha. Nakuomba jambo moja: usimwambie Marcelina. Mwambie damu yangu nayo imekataa. Nitamhudumia mpaka mwisho, hiyo naiweza.

Dada yako,
Dafroza

*

Nyamuswa
23 Novemba 1986

Kwa Dafroza,

Salamu. Mama anakula kidogo na analala kidogo. Mimi sijambo. Mvua zimeshika, udongo wa kaburi umetitia na nimeuongeza.

Uliondoka mara baada ya mazishi, ukiwa na wenzako wa kazini ndani ya gari la misheni. Nilikuona ukimwosha, na uliosha vizuri, hakuna mtu aliyekosa kuona. Watu wamekusifu sana. Sikutaka kusema kitu mbele yao. Sasa nasema.

Uliponiruhusu kumleta nyumbani mwezi wa kumi, kwa sababu yeye mwenyewe alitaka kufia kwa mama, ulinipa kikombe kidogo cha dawa na kunielekeza nisimpe maji kupita hapo, kwa sababu hayana pa kutokea na yatajaa mapafuni. Nilifanya ulivyosema. Alikuwa analala mlangoni pa jiko, anatazama ng'ombe wa jirani wakinywa kwenye lambo. Ananiambia, "Kaka, kufa si kitu. Ni hii kiu."

Siku moja aliniuliza kuhusu wewe. Nikasema kama ulivyoniagiza. Nikasema, "Dada alipimwa, damu yake ilikataa, kama yangu." Midomo yake ilikuwa imepasuka, ilimchukua muda kuongea. Akasema, "Damu yake? Mwaka ule wa malaria, nilipoishiwa damu, chupa niliyowekewa ilitoka mkononi mwake. Alilala kitanda cha pili, nikawa namwangalia. Haikukataa."

Nikaanza kusema labda walikosea kupima. Akaniambia, "Usihangaike kutunga, kaka. Nilijua tangu Julai. Kila alipokuja kunipima alikuwa anatazama ukuta." Nikamuuliza kwa nini hakukuuliza. Akasema, "Angesema ndiyo. Nilijua nikimwomba kwa mdomo wangu angesema ndiyo, halafu angekufa njiani kwa woga. Ana watoto wanne." Akafikiri tena, akasema jambo lingine, na hili nalo nakuandikia kwa sababu sitalibeba peke yangu: "Lakini nilikuwa namngojea. Kila asubuhi nikisikia viatu vyake nilikuwa nasema labda leo."

Kisha akaomba maji. Si ya kikombe cha dawa. Aliomba ya kata, kutoka mtungini, yaliyopoa.

Nilimpa. Akanywa yote akaomba tena, nikampa tena. Sijawahi kuona mtu amefurahi namna ile. Mama aliona, hakunizuia. Usiku kifua kikajaa, na kesho yake unajua. Kwa hiyo kama unakaa huko ukihesabu ni nani aliyemuua, wewe nesi utajua zaidi kuliko mimi. Mimi naona tumemuua wote wawili, wewe kwa kumnyima na mimi kwa kumpa.

Sikuchukii. Ningekuwa na nguvu ningekuchukia. Jambo moja tu nakuomba. Wakija tena wageni hapo kazini wakauliza nani angetoa, wewe weka mikono mapajani. Utapunguzia mtu mwingine safari.

Mama anataka uje tuanue matanga Jumamosi. Majirani wameanza kuuliza. Njoo, na uje na watoto. Mimi natoka na basi la Ijumaa kwenda Korogwe kujaribu kama watanipokea, kwa hiyo hutalazimika kupitia mlango wa nyuma.

Mwana wa mama yako,
Renatus